Kabla Mkataba Haujaisha: Mwongozo wa Kuchunguza Njia za Kazi kwa Watafiti wa Sayansi za Tiba, Kuanzia Wandegeya

Ni vigumu kupata mahali pengine Uganda penye waajiri wengi wa wanasayansi wa tiba waliokaribiana kama pale Wandegeya, Kampala. Ukivuka taa za barabarani, upande mmoja unaelekea lango kuu la Makerere, chuo kilichoanzishwa mwaka 1922. Upande wa pili unapanda Mulago, penye hospitali kuu ya rufaa, shule ya udaktari iliyoanza mwaka 1924, Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyozaliwa mwaka 1967, na Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza, ambayo wenyeji wanaiita IDI. Kwenye Barabara ya Lourdel kuna Wizara ya Afya na Maabara ya Serikali ya Uchunguzi. Hata hivyo mwanafunzi wa uzamivu anaweza kupita hapo kila asubuhi kwa miaka minne au mitano, akienda maabara na kurudi nyumbani, asijue waliomo ndani ya majengo hayo wenye shahada anayoihangaikia wanafanya kazi gani.

Wengi wa wanaosomea uzamivu Makerere walikwisha kuwa na kazi. Ni wahadhiri wasaidizi, madaktari, wateknolojia wa maabara na wafamasia, wenye watoto wa kulipia ada. Wengine wamemaliza shahada na wanafanya utafiti wa baada ya uzamivu kwa mikataba ya mwaka mmoja au miwili. Wengi wa hawa wanaishi kwa fedha za miradi, na mwaka 2025 ulionyesha jinsi fedha hizo zinavyoweza kukatika. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Mei Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zikatangaza kusitisha utaratibu uliokuwapo wa kupitisha ruzuku kwa washirika wa nje. Kufikia Julai 1, USAID ilikuwa imefungwa rasmi. Watu waliokuwa na mikataba mezani walijikuta wanatafuta kazi bila kujua waanzie wapi.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja: njia ya kazi ichunguzwe kama swali la utafiti, kwa ushahidi, na ichunguzwe wakati posho au mshahara bado unaingia. Tenga saa tatu kwa wiki kwa miezi sita. Unahitaji daftari, simu, viatu vya kutembelea, na mtu mmoja wa kukuuliza kila mwezi umefika wapi.

Hatua ya 1: Andika tarehe tatu

Katika ukurasa wa kwanza wa daftari andika tarehe fedha zako zinapokwisha, kama ilivyo kwenye mkataba. Usitegemee maneno uliyoambiwa. Chini yake andika tarehe unayotarajia kuwasilisha tasnifu. Kisha hesabu miezi 12 kurudi nyuma kutoka tarehe ya kwanza. Hiyo ndiyo siku ya kuanza uchunguzi. Kama imeshapita, anza leo.

Angalia pengo kati ya tarehe hizo. Tasnifu ikishawasilishwa hupelekwa kwa watahini wa ndani na wa nje, kisha utaitetea mbele ya jopo, kisha utafanya marekebisho, kisha utasubiri mahafali. Mara nyingi posho hukoma kabla ya hatua hizo kukamilika. Mtu anayelijua pengo hilo mapema anaweza kuweka akiba, kuomba nyongeza ya muda, au kupanga kazi ya muda. Anayeligundua mwezi wa mwisho hukubali kazi yoyote itakayotokea.

Kama ulisomeshwa na mwajiri wako, chuo au wizara, soma tena karatasi ulizotia saini. Mikataba mingi ya namna hiyo inakutaka urudi kutumikia kwa muda fulani au ulipe gharama. Kifungu hicho kinaweza kubadili mpango wako wote, na ni vyema ukijue kabla hujamtumia mtu yeyote wasifu wako.

Hatua ya 2: Weka kumbukumbu ya kazi unazofanya kwa kweli

Watafiti wengi wakiulizwa wanachokiweza hutaja mada: malaria, kinga ya mwili, saratani ya mlango wa kizazi. Mwajiri wa nje ya chuo anatafuta kitu kingine: unaweza kufanya nini Jumatatu asubuhi?

Kwa wiki mbili, kila jioni andika ulichofanya siku hiyo. Ulipima sampuli? Ulisafisha data? Ulijibu maswali ya kamati ya maadili? Uliagiza vitendanishi vikakwama Entebbe, ukafuatilia mpaka vikatoka? Ulimwelekeza mwanafunzi wa shahada ya kwanza? Ulikaa na wazee wa kijiji kuwaeleza kwa nini mnataka damu ya watoto wao? Mbele ya kila jambo weka alama mbili. Ya kwanza ni ya nguvu: jambo hilo lilikuchangamsha au lilikuchosha? Ya pili ni ya sifa: je, wenzako hukufuata ukawasaidie kwa jambo hilo?

Chukua mfano wa mwanafunzi anayesoma kinga ya mwili dhidi ya kifua kikuu. Kumbukumbu zake zinaweza kuonyesha kwamba kazi ya pipeti inamchosha, lakini kila mtu katika maabara humletea fomu zake azikague, na yeye hufurahia kukuta kosa ambalo wengine hawakuliona. Huyo ana dalili za mtu wa usimamizi wa ubora au wa udhibiti. Hakuna mhadhara ambao ungemwambia hivyo. Daftari lake limemwambia.

Hatua ya 3: Chora ramani ya waajiri

Hii ndiyo hatua ndefu, na inastahili muda. Chora ramani, weka taa za Wandegeya katikati, kisha panua kutoka hapo.

*Kufundisha na kuongoza utafiti.* Njia hii inajulikana, na bado ni njema kwa anayeipenda. Katika ngazi za chuo, uzamivu ndio mlango wa kuwa mhadhiri kamili. Nafasi hutegemea upungufu katika idara na bajeti ya mishahara, kwa hiyo uliza idara ina nafasi ngapi zilizo wazi na nani anakaribia kustaafu. Tangu mwaka 2019 Makerere ina mfuko wake wa utafiti unaolipiwa na serikali ya Uganda, Mak-RIF, ambao umempa mtafiti mchanga mahali pa kuombea fedha pasipo kupitia mshirika wa ng'ambo. Njia hii pia inaweza kubeba zaidi ya darasa. Profesa Moses Joloba, mwanamikrobiolojia wa Makerere, ameunganisha ualimu na uongozi wa Maabara ya Taifa ya Rejea ya Kifua Kikuu, ambayo mwaka 2013 ilipewa na Shirika la Afya Duniani hadhi ya kuhudumia nchi nyingine pia.

*Majaribio ya kitabibu.* Januari 30, 2025 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola ya aina ya Sudan, uliompata muuguzi wa Mulago. Februari 3, siku nne baadaye, jaribio la chanjo lilianza hapo hapo Kampala, likiongozwa na watafiti wa Makerere na wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, UVRI, pamoja na Shirika la Afya Duniani. Lilipewa jina la Kiswahili, Tokomeza. Kasi hiyo iliwezekana kwa sababu maandalizi yalifanywa kabla. Sasa hesabu kazi zilizomo ndani ya jaribio la namna hiyo: mtu wa kuandika itifaki, wa kupeleka maombi ya vibali, wa kutunza chanjo katika baridi inayotakiwa, wa kuratibu timu za uwanjani, wa kueleza ridhaa kwa lugha anayoielewa mshiriki, wa kuhakiki data, wa kufuatilia usalama, wa kuendesha maabara, wa kusimamia fedha. Kila moja ni ajira, na katika nyingi kati ya hizo mwenye uzamivu anaweza kuingia. Ukiwa Wandegeya, waulize IDI na MU-JHU pale Mulago. MU-JHU ni ushirikiano wa Makerere na Johns Hopkins, uliofanya jaribio la nevirapini lililochapishwa mwaka 1999 na kubadili namna ya kuzuia mama kumwambukiza mtoto VVU. Kisha nenda Mradi wa Makerere na Walter Reed ulioko Nakasero, kituo cha utafiti wa kitabibu cha JCRC kule Lubowa, na kitengo cha MRC/UVRI kilichoko Entebbe tangu mwaka 1988.

*Udhibiti na maadili.* Kila jaribio la dawa nchini hupitia kamati ya maadili ya utafiti, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, lililoundwa mwaka 1990 na ambalo sasa liko Ntinda, na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Taasisi hizo zinahitaji watu wanaoweza kusoma itifaki ya kurasa mia na kuona hatari iliyojificha. Mlango huu unazidi kupanuka: mkataba wa Shirika la Dawa la Afrika ulianza kutumika Novemba 2021, na makao yake yako Kigali.

*Sayansi ya mahakamani.* Maabara ya Serikali ya Uchunguzi iko Wandegeya yenyewe. Humo hupimwa vinasaba, sumu na vielelezo vya makosa ya jinai, na mchambuzi anaweza kuitwa kizimbani kueleza matokeo yake mbele ya hakimu. Mtaalamu wa biokemia au jenetiki ya molekuli anayeweza kueleza jambo gumu kwa maneno mepesi anafaa hapo.

*Sera na afya ya umma.* Wizara ya Afya iko mwendo wa dakika chache kutoka soko la Wandegeya. Mtafiti anayependa kuona matokeo yakigeuka mwongozo wa matibabu anapaswa kuijua. Dkt. Monica Musenero alianza kama daktari wa mifugo, akawa mwanaepidemiolojia aliyepambana na milipuko ya Ebola, na mwaka 2021 akawa waziri wa sayansi, teknolojia na ubunifu. Kwa ngazi ya bara, kuna Africa CDC iliyozinduliwa mwaka 2017.

*Data na jeni.* Makerere, chini ya IDI, kuna kituo cha bioinformatiki na sayansi ya data kilichofunguliwa mwaka 2019. Chuo hicho pia kinatunza hifadhi ya sampuli za kibayolojia iliyoanzishwa chini ya mpango wa H3Africa. Mtafiti anayejua biolojia na pia anaandika programu kwa R au Python anaweza kufanya kazi na timu iliyo Kilifi au Cape Town akiwa amekaa Kampala.

*Viwanda na ubunifu.* Luzira kuna kiwanda cha Quality Chemical kinachotengeneza dawa za kupunguza makali ya VVU na za malaria. Wanaohitajika ni watu wa udhibiti wa ubora, uthibitishaji wa mbinu za upimaji na usajili wa dawa. Makerere yenyewe, timu ya Dkt. Misaki Wayengera, mwanavirolojia, ilizindua kipimo cha haraka cha virusi vya korona Machi 2021. Kutoka meza ya maabara hadi kipimo kinachouzika kuna kazi za hataza, uzalishaji, vibali na masoko, na kila moja inamhitaji mtu anayeielewa sayansi yenyewe.

*Uandishi na uhariri.* Jarida la African Health Sciences limekuwa likitoka katika shule ya udaktari ya Makerere tangu mwaka 2001. Majarida, ofisi za ruzuku na vyombo vya habari vinahitaji watu wanaoweza kusoma takwimu na kuandika sentensi safi.

*Ng'ambo ya mpaka.* Kilifi, Ifakara, Kigali, Goma: taasisi za utafiti za ukanda huu ziko umbali wa safari ya siku moja au mbili. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka huo huo baraza la mawaziri la Uganda likakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Mtafiti anayeweza kueleza ridhaa ya utafiti kwa Kiswahili fasaha huko Goma au Ifakara ana faida ambayo cheti hakiwezi kumpa. Kama Kiswahili chako ni cha kubahatisha, kiweke kwenye mpango wa kujifunza.

Ukimaliza ramani, chagua njia tatu tu, zilizo karibu na alama ulizoweka katika hatua ya 2. Zaidi ya tatu utatapanya nguvu.

Hatua ya 4: Zungumza na watu walio ndani

Kuuliza si ujinga. Kwa kila njia tafuta watu wawili: mmoja aliyeingia miaka ya karibuni, ambaye bado anakumbuka mlango ulivyo, na mmoja mwenye mamlaka ya kuajiri. Anzia kwa wahitimu waliopita katika idara yako na kwa waliosomeshwa na miradi kama THRiVE na MUII, iliyowalea watafiti wengi wa uzamivu na baada ya uzamivu Makerere na Entebbe.

Tuma ujumbe mfupi, kwa lugha mnayotumia kazini. Unaweza kuwa hivi:

"Habari za leo, Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu wa mwaka wa tatu, Chuo cha Sayansi za Afya Makerere, natafiti usugu wa dawa za kifua kikuu. Nimeambiwa unasimamia ubora wa data katika majaribio ya chanjo. Nataka kuielewa kazi hiyo kabla sijaamua niende wapi baada ya tasnifu. Naomba dakika 20 za muda wako wiki ijayo, ofisini kwako au kwa simu. Kwa sasa siombi kazi, naomba kujifunza. Asante sana."

Nenda na maswali machache yenye uzito:

- Jana ulifanya nini, tangu asubuhi hadi jioni?
- Mshahara huu unalipwa na nani, na mkataba ni wa muda gani?
- Uzamivu wako unakusaidia wapi katika kazi hii, na wapi hauhesabiki?
- Ukimwajiri mtu leo, unaangalia nini kwanza katika wasifu wake?
- Jambo gani la kazi hii linawashinda wengi hata wakaondoka?
- Nizungumze na nani mwingine?

Fika kwa wakati. Foleni ya Barabara ya Bombo inajulikana, haitapokelewa kama udhuru. Mkikutana kwa chai au kwa chapati ya mayai, roleksi, pale Wandegeya, lipa wewe. Usizidishe dakika ulizoomba. Jioni hiyo hiyo andika ulichosikia, na kesho yake tuma shukrani ukitaja jambo moja mahususi ulilojifunza. Baada ya miezi miwili mjulishe ulichofanya na ushauri wake. Watu humkumbuka anayerudi kutoa taarifa.

Kama mtu hajibu, kumbusha mara moja baada ya wiki moja, kisha mwache kwa heshima.

Hatua ya 5: Fanya jaribio dogo

Mazungumzo hukupa maelezo ya mtu mwingine. Kabla ya kuamua unahitaji kuigusa kazi mwenyewe, hata kwa kiasi kidogo, bila kuvuruga tasnifu.

Kwa njia ya majaribio ya kitabibu, soma kozi ya kanuni bora za utendaji wa kitabibu. Ipo ya bure kwenye mtandao wa The Global Health Network, na bila cheti hicho miradi mingi haitakuruhusu kugusa data ya washiriki. Kisha omba kumfuata mfuatiliaji wa ubora kwa siku moja anapokagua mafaili.

Kwa udhibiti na maadili, omba kuhudhuria kikao cha kamati ya maadili kama mwangalizi, kama kanuni zao zinaruhusu. Jitolee pia kuandaa maombi ya vibali ya mradi wa mwenzako kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukimaliza utajua kama moyo wako unatulia au unachoka.

Kwa data, chukua seti ya data ya wazi na uandike uchambuzi mmoja kamili, wenye msimbo unaoweza kurudiwa na mtu mwingine. Kwa uandishi, andika makala moja ya maneno 800 kuhusu utafiti wako kwa msomaji wa gazeti, umpe jirani asiye mwanasayansi, umwombe akusimulie alichoelewa. Kwa kufundisha, omba kuandaa mihadhara miwili na mtihani wake, kisha usahihishe mwenyewe. Kwa viwanda, omba ziara, na kama njia hiyo imekuvutia tafuta mpango wa mafunzo ya kazini. TDR, mpango wa utafiti wa magonjwa ya kitropiki wenye makao Shirika la Afya Duniani, umewahi kuwapeleka watafiti wa nchi zetu kukaa hadi mwaka mmoja katika kampuni za dawa na mashirika ya kutengeneza chanjo, kisha wakarudi nyumbani na ujuzi huo.

Kila jaribio liwe na mwisho: wiki mbili hadi nne, kisha uandike ukurasa mmoja wa matokeo. Ungefanya kazi hii kwa miaka mitano? Kwa nini?

Hatua ya 6: Mweleze msimamizi wako

Wanafunzi wengi huogopa hatua hii. Wanahofu kwamba profesa akisikia "kazi nje ya chuo" ataona wamekata tamaa na sayansi. Nenda kwake ukiwa na mpango, si malalamiko. Mwonyeshe ratiba ya tasnifu kwanza, sura kwa sura, ili ajue kazi yake haipotei. Kisha mwambie: "Profesa, nimechunguza njia tatu, na hii ndiyo ninayotaka kuijaribu mwezi ujao kwa siku nne. Naomba ushauri wako, na kama unamjua mtu huko, naomba uniunganishe naye."

Wasimamizi wengi wa Makerere wamekaa katika kamati za wizara, bodi za usalama wa majaribio na mabaraza ya kisayansi. Simu yao moja inaweza kufungua mlango ambao barua zako kumi zisingeufungua. Na kama msimamizi wako hataki kabisa, tafuta mlezi wa pili katika kamati yako ya uzamivu au katika taasisi nyingine. Usiendeshe mambo kwa siri ndani ya saa za mradi. Mulago ni ndogo na habari hutembea.

Hatua ya 7: Andika wasifu unaolingana na njia

Wasifu wa chuo una kurasa nyingi: machapisho, makongamano, tuzo. Utunze huo kwa ajili ya chuo na ruzuku. Kwa njia nyingine andika wasifu wa kurasa mbili unaoanza na ulichoweza kufanya.

Badala ya kuandika "Nilifanya utafiti wa uzamivu kuhusu malaria ya wajawazito," andika kitu cha namna hii, kwa namba zako za kweli: "Niliratibu ukusanyaji wa data katika vituo viwili vya afya, nikasimamia wasaidizi watatu, nikapata vibali vya kamati ya maadili na UNCST, na nikakamilisha ufuatiliaji wa washiriki kwa wakati." Sentensi ya pili inamwambia mwajiri kwamba unajua watu, ratiba, vibali na uwajibikaji. Kila sentensi iwe ya kweli na iwe na mtu anayeweza kuithibitisha. Sayansi ya Kampala ina watu wachache wanaojuana, na chumvi moja iliyozidi itakufuata kila usaili.

Mpe wasifu huo mmoja wa watu uliozungumza nao katika hatua ya 4. Mwombe akate kwa kalamu nyekundu kila kisichomhusu mwajiri wa njia hiyo.

Hatua ya 8: Piga hesabu ya maisha

Njia ya kazi inabeba nyumba nzima, kwa hiyo kaa na mwenzi wako, au na wazazi kama unawatunza, mpige hesabu pamoja. Linganisha njia zako tatu kwa mambo haya: mshahara unaobaki baada ya kodi, urefu wa mkataba, chanzo cha fedha, bima ya matibabu, safari, na mahali pa kuishi.

Uliza kuhusu NSSF. Kwa sheria ya Uganda mwajiri huchangia asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Mtu anayelipwa posho ya masomo kwa kawaida hana mchango huo, na miaka minne au mitano ya kukaa bila akiba ya uzeeni ni mingi. Mshahara mdogo kidogo wenye NSSF, bima na mkataba wa kudumu unaweza kuwa na thamani kuliko posho kubwa ya mradi wa miezi 18.

Angalia pia chanzo cha fedha kwa kila njia. Kama zote tatu zinalishwa na mfadhili mmoja wa nchi moja, ongeza ya nne inayolipwa na serikali, chuo au soko la ndani. Yaliyotokea mwaka 2025 yanatosha kuwa sababu.

Hatua ya 9: Amua, kisha weka tarehe ya kupitia upya

Mwishoni mwa miezi sita weka mbele yako kumbukumbu za kazi, madondoo ya mazungumzo, kurasa za majaribio na hesabu za nyumbani. Kwa kila njia jibu maswali manne kwa ndiyo au hapana. Kazi zake za kila siku zinanipa nguvu? Ninaweza kuonyesha ushahidi kwamba naiweza? Kuna waajiri wasiopungua watatu ninaoweza kuwafikia? Nyumba yangu inaweza kuishi nayo?

Njia yenye ndiyo nne ndiyo ya kuwekea nguvu miezi sita inayofuata. Yenye ndiyo tatu iwe akiba, na jibu la hapana likuambie cha kurekebisha. Usifute iliyobaki; ihifadhi. Kisha andika tarehe ya kupitia uamuzi huu, mwaka mmoja mbele. Uamuzi huu wa kwanza unaweza kubadilika, na waliofika mbali katika taasisi zilizotajwa hapa wengi wamepitia vyumba kadhaa kabla ya kufika walipo.

Kwa wakuu wa idara na wa miradi

Kazi hii isiachwe mabegani mwa mwanafunzi peke yake. Mwaka 2013 NIH ilianzisha mpango wa BEST, uliovipa vyuo 17 vya Marekani fedha za kuwaonyesha wanafunzi wa uzamivu na watafiti wa baada ya uzamivu njia mbalimbali za kazi. Hata bila fedha kama hizo, idara inaweza kufanya mambo matatu mwezi huu. Inaweza kuandika orodha ya wahitimu wake wa uzamivu na mahali walipo sasa. Inaweza kumwalika mmoja wao kila mwezi azungumze na wanafunzi kwa saa moja. Inaweza kuruhusu siku chache za kujifunza kazini ziingizwe katika mpango wa masomo, zitambuliwe wazi na zisiibwe kwa kificho. Nchi iliyogharimia kumfikisha mtu kwenye uzamivu inapata hasara kubwa akibaki bila kazi kwa kukosa habari tu.

Nawe mtafiti, siku utakapokuwa umekaa kwenye kiti kipya, Lourdel au Luzira, Entebbe au Kigali, utapokea ujumbe kutoka kwa mwanafunzi usiyemjua akiomba dakika 20. Mpe dakika hizo. Mweleze mshahara unatoka wapi, jambo gani linachosha, na nani mwingine amwone.